Picha za Nani? Zana na Mafunzo ya Mwalimu wa Jiografia, kutoka Oxford hadi Makerere

Sisi tuliosoma jiografia katika sekondari za Uganda kabla ya mtalaa mpya wa 2020 tunalijua vizuri bonde la mto Rhine. Tulieleza kwenye mitihani kwa nini viwanda vya chuma viliota katika eneo la Ruhr, tukachora bandari ya Rotterdam kwa penseli, tukataja aina za zabibu zinazopandwa kwenye miteremko. Mimi sikuulizwa hata mara moja kwa nini Ziwa Viktoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, ingawa mitaa mizima ya Kampala inaliona ziwa hilo kutoka juu ya kilima.

Mwanafunzi yeyote akitakiwa kueleza hali hii atajibu kwa neno moja: ukoloni. Jibu hilo si la uongo, ila huifunga hoja kabla haijafunguliwa. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Walimu waliotufundisha Ruhr walizaliwa baada ya siku hiyo, wakasomeshwa na Waganda wenzao, na hakuna gavana aliyewasimamia darasani. Basi kwa nini waliendelea na Ruhr? Nitajaribu kuonyesha kwamba jibu limo katika jambo ambalo wanahistoria wa elimu huliacha kando kwa sababu linaonekana dogo: mwalimu wa jiografia anapata wapi ramani, picha na takwimu zake, na anakutana wapi na walimu wenzake ili ajifunze kuzitumia. Somo hili haliwezekani kwa mdomo na chaki peke yake. Anayempa mwalimu picha ndiye anayeamua mwanafunzi aone nini.

Kisa kinaanzia Uingereza, miaka ya 1880. Wakati huo jiografia katika shule za Waingereza ilikuwa kukariri tu: majina ya rasi, miji mikuu, mito na urefu wake. Shirika lao kubwa la wasafiri na wachoraji ramani, Royal Geographical Society, lilikuwa na fedha na sifa, lakini liliona aibu kwamba Wajerumani walifundisha somo hilo vizuri zaidi. Likamtuma John Scott Keltie kuzunguka Ulaya kuona wenzao wanafanyaje. Ripoti yake ya 1885 ilieleza hali mbaya ya ufundishaji nyumbani, naye akarudi na ramani za ukutani, tufe na vitabu vya nchi nyingine, vikawekwa kwenye maonyesho London ili walimu waje wajionee. Naona jambo la maana hapo. Mageuzi ya somo hayakuanza kwa kuandika mtalaa mpya, yalianza kwa kumwonyesha mwalimu vifaa.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1887, kijana wa miaka 25 aitwaye Halford Mackinder alisimama mbele ya shirika hilo akatoa mhadhara juu ya mipaka na mbinu za jiografia. Alidai kwamba jiografia ni daraja kati ya sayansi ya maumbile na masomo ya binadamu. Mwaka huohuo akapewa kazi ya kufundisha jiografia Oxford. Vitabu vingi humtaja kama baba wa siasa za kijiografia, lakini mimi namtaja kwa ajili ya kikao kidogo cha Mei 1893, chuoni New College, Oxford. Walimu wachache wa shule za bweni za wavulana walikutana huko, wakiitwa na mwalimu wa shule ya Rugby, B. Bentham Dickinson. Hawakukutana kujadili falsafa. Shida yao ilikuwa slaidi.

Hapa inafaa kueleza kidogo, maana wengi wetu hatujawahi kuona chombo chenyewe. Kabla ya projekta kulikuwa na taa yenye lenzi, iliyoangaza picha iliyochapwa juu ya kipande cha kioo na kuitupa ukutani ikiwa kubwa. Mwalimu mwenye taa hiyo na slaidi 50 za milima ya barafu aliweza kuwaketisha wavulana 100 gizani wakatulia. Lakini slaidi zilikuwa ghali, na nzuri zilikuwa adimu. Dickinson alifikiri kwamba kama kila shule ina chache, basi shule nyingi zikibadilishana zitakuwa na nyingi. Hilo tu. Kutokana na wazo hilo la kuazimana vioo likazaliwa Geographical Association, chama cha walimu wa jiografia ambacho kipo mpaka leo. Mwaka 1901 kikaanzisha jarida la walimu, The Geographical Teacher, ambalo tangu 1927 linaitwa Geography. Oxford nayo ikafungua idara ya jiografia mwaka 1899, na A. J. Herbertson, aliyekuwa pia katibu wa chama, akawa akiendesha kozi za likizo ya kiangazi kwa walimu waliokuwa tayari kazini. Hayo ndiyo tunayoyaita leo mafunzo kazini.

Ningependa kuishia hapo na kuwasifu. Walimu wamejipanga, wamebadilishana zana, wamejifunza pamoja. Lakini mwaka huohuo wa 1899, idara ya Oxford ilipofunguliwa, Mackinder hakuwa Oxford muda wote. Alikuwa kwetu.

Reli ya Uganda ilikuwa imefika Nairobi mwaka huo. Mackinder aliona kwamba mtu anaweza sasa kufika karibu na Mlima Kenya, akaupanda, na akarudi Uingereza kabla muhula haujaanza. Tena alihitaji kuupanda. Katika jamii ya wasafiri wa wakati ule, mwanajiografia ambaye hajawahi kusafiri mbali hakuheshimiwa. Msafara ulitoka Nairobi mwishoni mwa Julai ukiwa na Wazungu 6, Waswahili 66, waongozaji 2 wa Kimasai na Wakikuyu 96. Nchi waliyopita ilikuwa na njaa na maradhi. Chakula kiliwaishia chini ya mlima, watu wawili wa msafara waliuawa na wenyeji, na ikabidi watume mtu mpaka Naivasha kuomba msaada. Tarehe 13 Septemba, Mackinder na Wataliano wawili wenye uzoefu wa milima, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika kileleni. Vilele vikapewa majina ya viongozi wa kiroho wa Wamasai, Batian, Nelion na Lenana, nalo bonde moja likabaki na jina lake mwenyewe, Mackinder. Waswahili wale 66, waliobeba hema, chakula na kamera, hawana bonde. Maandishi yake kamili ya safari hayakuchapishwa mpaka 1991, na tangu hapo wanahistoria wamekuwa wakibishana juu ya jinsi wapagazi walivyotendewa.

Kuna atakayeuliza hayo yanahusiana vipi na zana za mwalimu. Yanahusiana kwa sababu mtu huyohuyo ndiye aliyekabidhiwa sanduku kubwa zaidi la slaidi ambalo ufalme wa Kiingereza ulipata kulitengeneza. Mwaka 1902 Wizara ya Makoloni iliunda kamati ya mafunzo kwa picha. Nia yake ilikuwa kuwaonyesha watoto wa makoloni Uingereza ilivyo, na kuwaonyesha watoto wa Uingereza makoloni yalivyo. Mackinder aliandika mihadhara ya kwanza, iliyowalenga wanafunzi wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Kisha mchoraji A. Hugh Fisher akatumwa kuzunguka dola kati ya 1907 na 1910, akipiga picha na kuchora kwa maelekezo ya Mackinder. Mwalimu alipokea kila kitu kikiwa tayari: slaidi zina namba, mhadhara umeandikwa, hatua za kubadilisha picha zimepangwa. Kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti.

Linganisha basi masanduku hayo mawili. Teknolojia ni ileile, kioo na taa, na hata mtu ni yuleyule. Katika sanduku la 1893 mwalimu huchagua, huazima, hurudisha, hubishana na mwenzake kama picha inafaa. Katika sanduku la kamati, mwalimu ni mkono wa mtu mwingine. Tofauti hii ndiyo ninayoitumia kuisoma historia ya Uganda. Naiona ina nguvu zaidi kuliko ile tuliyoizoea ya zana za kigeni na zana za kienyeji, kwa sababu sanduku la kamati linaweza kutengenezwa hata na serikali huru.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Jiografia ilipata mhimili wake mwaka 1946 alipofika S. J. K. Baker, aliyejenga idara na baadaye kuwa profesa wake wa kwanza. Mwaka huohuo wa 1946 serikali ya Uingereza ilianzisha ofisi ya upimaji wa makoloni, iliyokuja kuitwa Directorate of Overseas Surveys. Ndege zilipiga picha nchi kutoka juu, na wachoraji walioketi Uingereza wakazigeuza kuwa ramani za uwiano wa 1:50,000. Kila aliyefanya mtihani wa jiografia wa kidato cha nne nchini Uganda amekutana na kipande cha ramani za namna hiyo. Ni ramani nzuri sana, sitaki kuzibeza. Ila karatasi nyingi zilitokana na picha za miaka ya 1950 na 1960, na kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi kimehesabu mashamba na vinamasi ambavyo vingine sasa ni nyumba tupu.

Kipindi ninachokiona kuwa bora kabisa ni miaka ya 1960, na nadhani hakijapewa haki yake. Atlasi ya Uganda ilitolewa na idara ya ardhi na upimaji mwaka 1962, toleo la pili likatoka 1967. Kulikuwa na Chama cha Jiografia cha Uganda, na mwaka 1963 kikaanza kutoa jarida, East African Geographical Review, hapahapa Makerere. Bryan Langlands, mhadhiri ambaye baadaye aliiongoza idara, alikuwa na mkono katika kazi karibu zote hizo. Idara ilichapa makala zake kwa mashine ya stensili, karatasi zisizo na urembo wowote: historia ya ugonjwa wa malale nchini Uganda, idadi ya watu na mgawanyo wao, wilaya baada ya wilaya. Mwalimu aliyekuwa Mbale au Arua angeweza kufundisha kuhusu wilaya yake mwenyewe kwa takwimu zake mwenyewe. Wenzetu wa Tanzania nao walikuwa na chama chao na jarida lao, na mwaka 1971 kikatoka kitabu cha Tanzania in Maps kilichohaririwa na L. Berry. Tangu 1961, chini ya mpango wa Teachers for East Africa, mamia ya vijana kutoka Marekani na Uingereza walipitia Makerere kusomea ualimu kabla ya kusambazwa katika sekondari za Uganda, Kenya na Tanganyika.

Hapo ndipo pana udhaifu ambao kipindi chenyewe hakikuuona. Chama kilikuwa cha Uganda kwa jina na kwa mada, lakini waliokiendesha walikuwa kwa sehemu kubwa wageni wenye mikataba. Hilo halipunguzi wema wa Langlands wala wa Baker. Ila lina maana kwamba mzigo wote ulikuwa juu ya watu ambao viza zao zingeweza kufutwa asubuhi moja.

Na zilifutwa. Idi Amin alichukua madaraka tarehe 25 Januari 1971. Agosti 1972 aliwapa watu wa asili ya Asia siku 90 kuondoka, na wakaondoka pamoja nao walimu wengi wa sekondari na wenye maduka ya vitabu. Mwaka huohuo makamu mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na askari na hakuonekana tena. Wahadhiri wa kigeni walitoka mmojammoja, na katikati ya miaka hiyo ya 1970 Langlands naye ikabidi aondoke. Mwendelezo wa jarida ukakatika. Kilichobaki mikononi mwa mwalimu wa kijijini ni kile ambacho hakikuhitaji chama wala mkutano: daftari lake la zamani la chuo, na kitabu cha kiada kilichotoka nje. Ndani ya kitabu hicho kulikuwa na Ruhr. Kwa hiyo Ruhr haikuendelea kwa sababu mtu fulani aliipenda. Iliendelea kwa sababu ilikuwa imechapwa, wakati makala za wilaya zilikuwa karatasi za stensili zilizoliwa na mchwa.

Elimu ya mazingira ilichukua njia nyingine. Haikuanzia idarani, ilianzia kwa vijana wenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi wa sekondari nchini Kenya walianzisha klabu za wanyamapori, Wildlife Clubs of Kenya, na Uganda ikapata zake mwaka 1975, katikati ya giza la Amin. Hili hunishangaza kila ninapolifikiria: mwaka ambao karibu kila kitu cha elimu kilikuwa kikibomoka, klabu za watoto wanaotazama ndege na swala zilikuwa zikiandikishwa. Pengine zilinusurika kwa sababu hazikuonekana kuwa na siasa. Kimataifa, UNESCO na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, liliitisha mkutano wa Tbilisi Oktoba 1977, uliotaka elimu ya mazingira iingie katika masomo yote na walimu waandaliwe kwa ajili hiyo. Maneno mazuri. Lakini jambo likiwekwa katika masomo yote, mara nyingi hukosa mwalimu wa kulibeba, na mwalimu wa jiografia wa Uganda hakupata semina kwa sababu ya Tbilisi.

Jarida je? Lilifufuka, lakini si Kampala. Leo linaitwa African Geographical Review, na linaendeshwa na kundi la wataalamu wa Afrika walio ndani ya chama cha wanajiografia wa Marekani. Linachapisha kazi nzuri, na baadhi ya waandishi wake ni Waafrika. Hata hivyo mwalimu wa sekondari hana njia ya kulisoma bila malipo ambayo mshahara wake hauwezi, na halikuandikwa kwa ajili yake.

Serikali haikuacha kabisa kuwafunza walimu walio kazini. Tangu 2005, kwa msaada wa Wajapani, mradi wa SESEMAT umewakutanisha walimu wa sayansi na hisabati katika vituo vya mikoa, wakaandaa vipindi pamoja na kuvijaribu mbele ya wenzao. Ni mfano mzuri sana, na unakaribia roho ya 1893 kuliko kitu kingine chochote nilichokitaja. Ila jiografia haikuwamo. Katika hesabu ya wizara zetu jiografia ni somo la sanaa, hata kama mwalimu wake anafundisha mvua, miamba, udongo na hewa. Mwaka 2022 hesabu hiyo iligeuka kuwa mshahara: mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishwa hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, mwenzake wa sanaa akabaki na milioni 1 na kidogo. Walimu wa sanaa waligoma Juni mwaka huo, wakarudi darasani bila nyongeza. Mimi nasomea Kiswahili na jiografia. Sihitaji kueleza niko upande gani wa mstari huo, lakini naomba msomaji asilichukulie kama lalamiko la mfuko tu. Ni Mackinder aliyesema 1887 kwamba somo hili ni daraja, na sisi tumelikata katikati kwa karatasi ya mishahara.

Mtalaa mpya wa sekondari ya chini ulianza Februari 2020. Kwa karatasi, ni ule ambao miaka ya 1960 ilikuwa ikiuelekea: mwanafunzi atoke nje, apime, ahoji watu, afanye mradi kuhusu mahali anapoishi. Machi shule zikafungwa kwa korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Mwalimu akarudi akiwa na mtalaa unaomtaka atafute mifano ya karibu, bila karatasi za wilaya, bila chama kilicho hai katika eneo lake, bila ramani mpya. Mifano yenyewe haikosekani. Mei 2020 Ziwa Viktoria lilivuka kiwango cha 1964 na kufunika fukwe na nyumba. Huko Bududa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, maporomoko ya Machi 2010 yaliua au kufukia mamia ya watu. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima wa taka wa Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, uliporomoka juu ya nyumba ukaua watu zaidi ya 30. Mwinuko, maji, uzito, makazi, umaskini: vipindi vya wiki nzima vimo humo.

Niliwaona walimu wakijaribu nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Wale wa wilaya ile wana kundi la WhatsApp, na humo hutumiana picha kila wiki. Hakuna aliyewaagiza, na hakuna anayewalipa. Dickinson angeielewa kazi yao mara moja. Picha moja ya maporomoko ilitumwa Ijumaa jioni: udongo mwekundu, bati lililopinda, migomba iliyolala. Mwalimu mmoja aliuliza ni kijiji gani na ni mwaka gani. Hakujibiwa. Jumatatu picha hiyo ilikuwa imeshafundishiwa katika shule tatu, katika mbili kati yake kama Bududa, na katika ya tatu kama Bulambuli.